Geuza Tumbo Kwanza: Mafunzo kwa Wanaoanza Kuchuma Uyoga wa Mti Dar es Salaam

Masika yakishakolea, wiki ya tatu au ya nne hivi, mashina ya miembe na mikorosho mikuukuu ya Dar es Salaam huanza kuota vitu mfano wa visahani vilivyopakwa vanishi. Huota pia kwenye visiki vya mikrismasi iliyokatwa kando ya barabara na kwenye mizizi ya mivinje ya ufukweni. Vuli nayo huleta vyake, ingawa kwa uchache. Huu ndio uyoga wa jamii ya Ganoderma, ule ambao Wachina huuita lingzhi na Wajapani reishi, na ambao kwa karne nyingi wameuchemsha kama dawa. Kwetu hauna jina moja lililoshika. Ukisema "uyoga wa mti" au "uyoga mgumu" umetaja vitu kumi tofauti, na hapo ndipo mgeni wa kazi hii anapoanza kupotea.

Kanuni ya kwanza tunayompa mgeni ni fupi: usiusifu mgongo kabla hujaona tumbo. Mgongo ni upande wa juu unaong'aa. Tumbo ni upande wa chini. Mgongo huvuta macho, lakini tumbo ndilo linalokuambia ni uyoga gani, una umri gani, umeshaliwa na wadudu au bado. Hata baada ya kukausha, tumbo ndilo litakalokuumbua kama ulikausha vibaya.

Kuutambua

Tumbo la Ganoderma changa ni jeupe au lina rangi ya maziwa. Lina vitundu vidogo mno, vinne hadi sita katika milimita moja, kiasi kwamba kwa macho matupu unaona kama ngozi laini tu. Tafuta kioo cha kukuzia, kile cha mara 10 wanachotumia masonara kinatosha. Ukiona vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu badala ya vitundu, uache, si wenyewe. Sasa kwangua tumbo kwa ukucha. Mahali ulipokwangua pataanza kugeuka kahawia, na alama itabaki. Mtu anaweza kuandika jina lake kwenye tumbo la uyoga huu kwa mwiba na likasomeka mwaka mzima.

Ndipo utazame mgongo. Rangi yake huanzia hudhurungi hadi damu ya mzee, na una pete pete zinazofuata umbo la ukingo. Mng'ao wake ni wa gamba jembamba na gumu lililofunika mwili mzima. Ukilifuta kwa kitambaa chenye maji linazidi kung'aa. Uyoga ambao bado unakua una ukingo mweupe, ukifuatiwa na mkanda wa njano, kisha wekundu unaozidi kukolea kuelekea kwenye mti. Kikonyo, kama kipo, hukaa pembeni na huwa na vanishi ile ile. Wengi wanaoota juu kwenye shina hawana kikonyo kabisa, wamejishika kwenye gome kama rafu ukutani.

Ukate. Nyama ya ndani ni kahawia na ina nyuzi nyuzi, mguso wake kama kizibo cha chupa. Uyoga unaochanika kwa vidole kama mkate si huu, hata kama unang'aa vipi.

Alama ya mwisho ni unga. Ganoderma iliyokomaa humwaga spora (mbegu za uyoga) nyingi za rangi ya kahawia, na upepo huzirudisha juu, zikatua kwenye mgongo wake wenyewe na kwenye majani yaliyo chini. Wageni wengi hudhani ni vumbi au ukungu na kuuacha uyoga mzuri kabisa. Wengine hufanya kinyume: huona ukungu halisi wakasema ni spora. Jaribio lake ni rahisi. Laza kipande, tumbo chini, juu ya karatasi nyeupe, kifunike na bakuli na ukiache usiku kucha. Asubuhi karatasi iwe na unga laini wa kahawia, mfano wa kakao. Ukiwa wa kijani, umeokota kitu kingine kabisa: kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba unaoota kwenye majani ya viwanja na bustani za mjini baada ya mvua, Chlorophyllum molybdites, wenye unga wa kijani, ambao ukiliwa huleta kutapika na kuharisha vibaya. Huo huota ardhini na ni laini, haufanani na wetu hata kidogo. Tunautaja kwa sababu anayeanza kuchuma uyoga hatoki na aina moja tu kikapuni.

Wanaofanana nao kwenye mti ndio wa kuwajua kwa jina au kwa sura. Ule mwembamba wenye rangi ya chungwa kali juu na chini, unaoota kwenye magogo makavu yanayopigwa na jua, ni Pycnoporus. Rangi yake ya tumbo peke yake inakutoa shakani. Vile vidogo vya kijivu vyenye manyoya, umbo la kipepeo, vinavyojazana kwenye matawi makavu ya mwembe na hata kwenye kuni zilizorundikwa uani, ni Schizophyllum. Tumbo lake lina mikunjo, halina vitundu. Masikio ya mti, laini kama mpira na ya kahawia, hayana vitundu wala unga wa kahawia. Amauroderma ni ndugu wa karibu na huwakosesha hata wazoefu: ana kikonyo kirefu, huota chini akitokea kwenye mzizi uliofukiwa, ila mgongo wake umefifia, na baadhi yao tumbo likikwanguliwa hugeuka jekundu kama damu.

Anayebaki ni ndugu mkubwa, Ganoderma asiye na mng'ao: kundi la applanatum na australe. Mgongo wake ni wa kijivu au kahawia kavu kama udongo uliopasuka, hukaa mtini miaka kadhaa akiongeza tabaka chini, na anaweza kufika upana wa sinia. Tumbo lake ni jeupe na linageuka kahawia vile vile. Hana sumu inayojulikana, lakini usimchanganye na mwenye vanishi katika chombo kimoja, kwa kuwa uchungu wake na nguvu yake ni tofauti, na utakapopika hutajua unapima nini.

Neno kuhusu jina la kitaalamu, maana wauzaji hulitumia kama muhuri. Ganoderma ni neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake ngozi inayong'aa. Jamii hiyo ilipewa jina na Mfini Petter Karsten mwaka 1881. Jina la aina, lucidum, lilitolewa Uingereza mwaka 1781 kwa uyoga uliookotwa huko huko. Baadaye kila uyoga wenye vanishi duniani ukabandikwa jina hilo, mpaka wataalamu walipopima vinasaba na kuona kuwa hata ule wa China si wa Ulaya. Mwaka 2012 wa China ulipewa jina lake, Ganoderma lingzhi. Kwa hiyo ulio kwenye mwembe wa Mbagala ni wa jamii moja na lingzhi, lakini si lazima uwe lingzhi. Andika kwenye lebo yako "Ganoderma mwenye mng'ao, mwembe, Mbagala, Mei". Hiyo ni kweli. Ukiandika "Reishi halisi" umeandika usichokijua.

Mti na mahali

Mji huu una mitaa iliyopewa majina ya miti na matunda yake, Mwembechai, Mabibo, Mikocheni, na miti mingi mikongwe bado ipo, hasa kwenye viwanja vya zamani vya Upanga na Oysterbay, kilima cha Chuo Kikuu, na mashamba ya mikorosho yaliyobaki Kigamboni na Chanika. Tazama chini, si juu. Sehemu kubwa ya uyoga huu hutokea kuanzia kwenye mizizi hadi urefu wa goti, upande wenye kidonda cha panga, gari au moto, maana kuvu huingia kupitia jeraha.

Mti wa mtu una mwenyewe. Piga hodi, eleza unachotaka, na umwambie mwenye mti jambo ambalo huenda halijui: visahani vile ni dalili kwamba mti unaoza ndani. Kuvu hii hula kile kinachoupa mti ugumu. Kwa mnazi jambo ni zito zaidi, kwa sababu uozo hushika mita moja hadi moja na nusu ya chini ya shina, na mnazi unaoonekana mzima juu unaweza kuanguka na mkwezi wake. Ukiona Ganoderma chini ya mnazi, mwambie mwenye nyumba asiruhusu mtu kuupanda. Tunalichukulia hili kuwa sehemu ya kazi, sawa na kubeba kisu.

Ndani ya misitu iliyohifadhiwa, kama Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, huchumi bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inahesabu mazao yote ya msitu, na ofisi ya kwenda ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa anayejifunza hakuna haja. Visiki vya mtaani vinatosha miaka miwili ya mwanzo.

Mahali pa kukwepa ni pengi, na hapa hatuna masihara. Uyoga hufyonza na kulimbikiza madini mazito, hasa kadimiamu na risasi, na kuchemsha hakuyaondoi. Kunayatoa kwenye uyoga na kuyatia kwenye kikombe. Usichume kando ya barabara kuu kama Mandela na Nyerere, karibu na gereji, viwandani, bondeni Msimbazi, wala karibu na dampo la Pugu Kinyamwezi. Acha mita 100 kutoka barabara yenye malori, ikiwezekana zaidi. Usichume kwenye nguzo za umeme au mbao za uzio zilizotiwa dawa, hata kama uyoga umenawiri. Mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga wakati wa kiangazi cha maua, na miembe ya biashara nayo hupigwa viuatilifu. Muulize mwenye shamba alipuliza lini na nini. Akisita kujibu, shukuru uondoke. Sisi pia hatuchumi kwenye mti wenye utomvu wa sumu, kama mnyaa, na hatuchumi kwenye mti tusioujua.

Kuchuma

Wakati mzuri ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Ukingo mweupe ukiwa bado mpana, uyoga haujamaliza kukua, uache. Ukingo ukishageuka rangi moja na mgongo, huku tumbo likiwa bado jeupe safi na unga umeanza kuonekana, hapo ndipo. Ukichelewa wiki mbili tatu za mvua, tumbo linakuwa la kahawia chafu, vitundu vinatobolewa na wadudu wadogo weusi, na ndani kuna njia za funza. Mwingi unaoletwa kwetu na wanaoanza ni huo wa mvua iliyopita: mgongo umepauka, ukigongwa unalia kama kibuyu, tumbo limekuwa kama sifongo. Huo hauna kazi. Uuache mtini, usiutie kikapuni "kwa majaribio".

Vifaa: kisu kikali chenye makali mafupi, msumeno mdogo wa kupogolea kwa wale walioshika sana, brashi ya rangi ya inchi mbili, mifuko ya khaki na kalamu. Kata sentimita moja kutoka kwenye gome badala ya kung'oa. Ukibandua gome unaongeza kidonda. Piga brashi papo hapo uondoe mchanga na sisimizi kabla havijaingia kwenye vitundu, kwa kuwa baadaye havitoki. Kila mti na mfuko wake, na kila mfuko na maandishi: tarehe, mtaa, aina ya mti, mzima au mkavu. Mfuko wa plastiki ndio kosa namba moja. Kwa joto la Dar, saa tatu tu ndani ya plastiki zinatosha tumbo kuloa, na kesho yake lina madoa ya ukungu wa kijani.

Usichume chote. Acha walau mmoja kati ya mitatu, na wadogo wote.

Kukausha, pale kazi inapoharibikia

Kama kuna sehemu ya maandishi haya ya kusoma mara mbili, ni hii. Hewa ya pwani wakati wa masika hubeba unyevu unaopita asilimia 80, na uyoga wenyewe huchumwa wakati huo huo. Anayefuata maelekezo ya nchi kavu, "anika siku mbili", huishia na vipande vilivyokauka nje na kulowa ndani. Hivyo ndivyo vinavyoota ukungu chomboni baada ya mwezi.

Kata vipande siku ile ile uliyochuma. Uyoga ukilala siku mbili mzima unakuwa mgumu kama ubao na kisu hakiingii. Utaanza kuhangaika na shoka, na ajali za vidole tumeziona. Usiuloweke kwenye maji kuusafisha. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kata mguu uliogusa gome, kisha chana vipande vya unene wa milimita 3 hadi 5. Vikiwa vinene zaidi havikauki katikati. Vikiwa vyembamba sana huvunjika na kuwa unga. Ukiona njia ya funza ndani, tupa kipande hicho chote.

Kama una oveni au mashine ya kukaushia, weka nyuzi joto 50 hadi 55 kwa saa 8 mpaka 12, mlango wa oveni ukiwa umeachwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Ukizidisha nyuzi 70 unapika badala ya kukausha, na gamba la juu linafunga unyevu ndani.

Bila umeme, tengeneza kisanduku cha jua. Boksi la mbao la mita moja kwa sentimita 60, ndani lipakwe rangi nyeusi, juu nailoni angavu iliyovutwa, katikati wavu wa kuwekea vipande, matundu ya hewa chini upande mmoja na juu upande wa pili, yote yamezibwa kwa chandarua. Tundu la juu ndilo wengi wanalisahau. Lisipokuwepo, mvuke unagonga nailoni na kurudi kama matone, na jioni unakuta vipande vimechemka. Kwenye jua la kipupwe, Juni hadi Agosti, siku mbili hadi tatu zinatosha. Katikati ya masika usitegemee jua peke yake: anza na jua la saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha malizia kwenye oveni ya jirani siku hiyo hiyo. Usiache nje usiku. Umande unarudisha kila kitu ulichokitoa mchana.

Kuna wanaokausha juu ya jiko la mkaa au moshi wa kuni kama samaki. Tunalikataza. Moshi hauui ukungu uliomo ndani ya kipande, na unatia kemikali zenye madhara kwenye kitu utakachokinywa kila siku.

Umekauka? Kunja kipande: kivunjike kwa sauti, kisipinde. Kilo moja mbichi kwa kawaida hubaki karibu theluthi. Kisha fanya jaribio la chupa: tia vipande kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, iweke mahali penye joto siku tatu, tazama asubuhi. Ukiona jasho ndani ya kioo, au kipande kimeanza kupinda, rudisha kwenye oveni saa 3 nyingine. Geuza pia vipande na utazame tumbo: liwe na rangi ya krimu au kahawia nyepesi iliyo sawa. Madoa meusi au ya kijani ni ukungu, na hapo hakuna mjadala. Usikwangue, usichemshe "kuua wadudu". Sumukuvu haifi kwa maji yanayochemka. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yaliyoonekana ya kawaida. Usidhani uyoga uliovunda una huruma zaidi. Tupa mfuko mzima.

Vilivyopita jaribio viweke kwenye friza wiki moja kuua mayai ya wadudu, vikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, uviache virudi joto la kawaida kabla ya kufungua, la sivyo vitavuta maji. Hifadhi kwenye chupa za kioo mahali pa giza. Baada ya miezi 12 anza na mavuno mapya.

Kuchemsha

Uyoga huu hauliwi. Ni mgumu mno, na vilivyomo vimefungwa ndani ya kuta za kaitini ambazo tumbo la binadamu halizivunji vizuri. Maji ya moto na muda ndivyo vinavyotoa beta-glukani, sukari za minyororo mirefu zilizomo kwenye kuta hizo. Viungo vichungu vya jamii ya traiterpeni hutoka kwa kiasi kwenye maji na zaidi kwenye pombe.

Kipimo chetu cha kuanzia: gramu 6 za vipande vikavu kwa mizani ya jikoni, si kwa kukisia kwa kiganja. Loweka kwenye lita 1.2 za maji safi ya baridi kwa nusu saa. Bandika, yakianza kuchemka punguza moto mpaka maji yatokote polepole, funika nusu, na uache dakika 90. Zitabaki kama mililita 600. Chuja. Rudisha vipande vile vile na maji mililita 800, tokosa dakika 45 mpaka zibaki kama 400, changanya na ya kwanza. Una lita moja, ya siku mbili. Nusu lita kwa siku, asubuhi na jioni, ni sawa na gramu 3 za uyoga mkavu. Kitabu rasmi cha dawa cha China kinataja gramu 6 hadi 12 kwa siku kwa uyoga wa huko; kwa kuwa wetu haujapimwa kama ule, hatuoni sababu ya mgeni kuanzia huko juu. Siku tatu za kwanza nywa mililita 125 mara moja tu kwa siku, uone mwili unasemaje.

Tumia sufuria ya chuma cha pua, ya enameli, au chungu. Sufuria za kusubu, zile za vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, huweza kutoa risasi kwenye maji yanayotokota kwa muda mrefu, na huku ni kutokota kwa saa mbili na zaidi.

Dawa iliyopikwa vizuri ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea na uchungu unaokaa nyuma ya ulimi. Ikiwa ya njano hafifu, muda haukutosha, au moto ulikuwa mkubwa maji yakaisha mapema. Kama haina uchungu kabisa, rudi kwenye tumbo la uyoga: ama ulichuma uyoga mzee ulioloa mvua nyingi, ama ni yule asiye na mng'ao, ama si Ganoderma. Tangawizi na asali vinaruhusiwa. Friji siku mbili. Umeme ukikatika usiku kucha, mwaga.

Wengine huloweka kwenye pombe kali ya asilimia 35 hadi 40, gramu 100 kwa nusu lita, wiki nne kwenye giza. Ni njia sahihi, lakini si ya lazima, na asiyetumia pombe hakosi kitu cha msingi kwa kuchemsha. Spiriti ya kusafishia vidonda au ya viwandani usiiguse kwa kazi hii; inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua. Unga wa kusaga hatuupendekezi. Husumbua tumbo, vumbi lake huwasha mapafu ya anayesaga, na zipo taarifa za kitabibu za ini kuumia kwa watu waliotumia unga wa uyoga huu.

Nani asinywe, na usiseme nini

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto: hapana. Anayetumia warfarin au aspirini: hapana bila daktari, kwa kuwa uyoga huu unaweza kuzuia damu kuganda. Kwa sababu hiyo hiyo, anayesubiri upasuaji aache wiki mbili kabla. Anayemeza dawa za presha au sukari, presha au sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa ini, aliyepandikizwa figo, au mwenye ugonjwa ambao kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe, akae mbali. Aliye kwenye ARV aulize kwanza kliniki yake ya CTC, na asiruke dozi hata moja kwa ajili ya kikombe hiki. Kinywa kukauka, kuwashwa, kizunguzungu, kuharisha au damu ya pua ni dalili za kuacha. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi, nenda hospitali siku hiyo na ubebe chupa yako.

Utaulizwa juu ya saratani. Kila mchumaji huulizwa. Jibu la kweli ni hili: mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kuufanya uyoga huu kuwa tiba ya kwanza ya saratani, ingawa yaliacha nafasi ya kutumika pembeni ya matibabu ya kawaida. Yale ya mwaka 2015 juu ya vihatarishi vya moyo kwa wenye kisukari nayo hayakuunga mkono. Mtu mwenye uvimbe mwelekeze hospitali ya saratani ya Ocean Road, na mwambie amweleze daktari wake kila anachokunywa. Ukimchelewesha miezi mitatu kwa maneno mazuri, umechukua kitu ambacho huwezi kumrudishia.

Ukitaka kuuza, si suala la kufungasha na kubandika picha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka usajili kwa Baraza lake. Anzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Kutangaza dawa bila kibali cha Baraza ni kosa. Upimaji wa usalama hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Na kabla hujafika huko, tenga mmoja mzima kutoka kila mti uliouchuma mara ya kwanza. Ukaushe bila kuuchana, utie kwenye bahasha pamoja na karatasi yake ya spora, kipande cha gome na jani la mti, tarehe na mahali. Idara ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wanaosomea kuvu, na Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili. Mtaalamu mwenye darubini ataziona spora zenye kuta mbili, alama ya jamii hii, lakini hawezi kukusaidia chochote ukimpelekea kikombe cha maji ya kahawia.